Friji ya gari la kambi isipopoza msimu wa kaskazi: anzia nyuma yake

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Tanga na Bagamoyo hupita nyuzi 30, na fukuto haliachii hata usiku. Ndipo friji ya gesi kwenye gari la kambi huanza kulaumiwa: mwenye gari anazungusha swichi hadi mwisho, anabadilisha mtungi, na maziwa bado yanachacha. Mara nyingi friji yenyewe ni nzima. Joto inalolitoa ndani ndilo limekosa pa kutokea.

Friji hizi hazina kompresa. Moto mdogo wa gesi, au hita ya umeme, huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia hupanda hadi kwenye mapezi ya chuma nyuma ya friji, hupoa ukawa kimiminika, kisha huteremka kwenda kupoza. Hakuna pampu inayousukuma. Kwa hiyo mambo mawili hayana mbadala: friji ikae sawa, na mapezi yapate hewa.

Weka pimamaji kwenye sakafu ya friza, si ya gari. Friji nyingi za zamani huvumilia mwinamo wa nyuzi 3 kulia na kushoto na nyuzi 6 mbele na nyuma. Kitabu chake kikisema vingine, kifuate hicho. Ikiinama zaidi na gari limesimama, kimiminika hutuama, boila (sehemu inayochemshwa na moto) hupata joto kupita kiasi, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo huganda na kuziba bomba. Hapo hakuna matengenezo, ni kubadilisha mfumo mzima. Mchanga wa ufukweni hutitia, basi laza mbao chini ya tairi na upime tena baada ya saa moja.

Sasa nyuma. Zima gesi na umeme, subiri ipoe, kisha fungua wavu wa hewa wa chini na wa juu, ulio kwenye ukuta wa nje wa gari nyuma ya friji. Ondoa viota vya nyigu, utando wa buibui na vumbi. Pwani hivi hurudi haraka kuliko unavyotarajia. Kisha pima pengo kati ya mapezi na ukuta wa gari. Likizidi sentimita 2.5 hivi, hewa hupita pembeni bila kugusa mapezi. Lipunguze kwa bati jembamba la aluminiamu ulilolifunga ukutani kwa skrubu. Bati jingine liinamishe kutoka sehemu ya juu ya mapezi hadi ukingo wa juu wa wavu, ili hewa ya moto isibaki imejikusanya juu ya friji. Bati hilo lisiguse wala kuziba bomba la moshi, na karibu na moto usitumie sponji wala povu la aina yoyote.

Kama bado haitoshi, funga feni mbili za volti 12 za milimita 120, zile za kompyuta. Zikae juu ya mapezi zikisukuma hewa nje kupitia wavu wa juu. Zikikaa chini karibu na kichomeo zinaweza kuzima moto. Weka temostati ndogo inayowasha kwenye nyuzi 45 na fyuzi ya ampea 2. Feni ya ampea 0.2 ni mzigo mdogo: mbili zikizunguka saa 24 mfululizo hula chini ya ampea-saa 10 za betri.

Moto wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, masizi yataziba bomba la moshi. Nozeli, kile kipande chenye tundu dogo la kutolea gesi, usiichokoe kwa sindano, tundu litapanuka. Iloweke kwenye spiriti na uiache ikauke. Shinikizo linaloandikwa kwenye kibao cha friji, kwa kawaida milibari 28 hadi 30, ndilo liamue regulata. Regulata ya shinikizo kubwa ya majiko ya biashara isiguswe kabisa.

Kwenye umeme wa ukutani, angalia volti. Hita ya volti 230 ikipata 200 hutoa takriban robo pungufu ya joto lake. Jioni umeme ukififia, hamia gesi.

Egesha upande wa friji ukitazama kusini mashariki: jua la alasiri halitaupiga, na upepo wa kaskazi hautaingia moja kwa moja kwenye wavu. Turubai la kivuli liache nusu mita kutoka ukutani.

Friji iwashe siku moja kabla ya safari. Samaki wa sokoni wapozwe kwanza kwenye barafu ndani ya kontena, ndipo waingie, tena kwa nafasi kati ya mafungu. Barafu ikizidi nusu sentimita kwenye mapezi ya ndani, yeyusha. Asubuhi, kabla ya kufungua mlango kwa mara ya kwanza, kipimajoto kilicholala ndani ya glasi ya maji kisome nyuzi 5 au chini yake.

Ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, au ukinusa harufu kali ya amonia, mfumo umetoboka. Zima, fungua milango na madirisha, toka nje. Asije fundi akajaribu kuuchomelea: ndani mna hidrojeni, nayo huwaka.