Visiwani kutoka Mwanza: uliza kwanza kisiwa kiko chini ya nani

Wadau, kwa safari za visiwa vya Ziwa Victoria watu huanza na nauli. Anzeni na mamlaka, maana ndiyo inayoamua ubebe karatasi gani, ulipe wapi na umlilie nani mambo yakiharibika.

1. Mamlaka. Ukerewe si Zanzibar. Haina rais wake wala Baraza la Wawakilishi. Ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza kama Magu au Misungwi, makao makuu Nansio, na Ukara imo humo humo. Mtanzania haombi kibali, na mgeni aliyeingia nchini kihalali haongezewi viza. Kome na Maisome ziko Buchosa, mkoa huo huo wa Mwanza. Goziba ni ya Muleba, Kagera, kwa hiyo shida ya huko usiilete Mwanza.

Saanane na Rubondo ni habari nyingine: ni hifadhi za taifa, chini ya TANAPA. Lipa kwa kumbukumbu namba kabla ya kupanda boti, na beba kitambulisho cha NIDA, la sivyo utatozwa kiingilio cha mgeni. Saanane unavukia Capri Point, dakika chache tu. Rubondo iko Mkoa wa Geita.

2. Chombo. Nansio kuna meli ya moja kwa moja, au uzunguke kwa gari kupitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko hadi Rugezi. Ukara unavukia Bugolora kwenda Bwisya. Soma idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye chombo, kisha hesabu vichwa na mizigo. Kivuko cha Ukara, MV Nyerere, kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia Bwisya, wakafa zaidi ya 200. Hatari kubwa iko hapo gatini: watu wanasimama kwa pamoja, wanasogea upande wa kushukia, uzito unahama na chombo kilichojaa kinalala. Kaa kitako mpaka kamba zifungwe.

3. Jaketi okozi. Livae, usilikalie. Funga vifungo vyote, kisha mwenzako alivute mabegani kwenda juu. Likipita kidevu ni kubwa, omba jingine. La mtu mzima halimfai mtoto. Atachomoka kwa chini.

4. Kichocho. Hapa wengi wanajidanganya kwamba maji safi kwa macho ni salama. Konokono wanaobeba vimelea hukaa kwenye majani ya ufukweni, na kuingia majini hadi magotini ukipanda mtumbwi kunatosha. Panda kwenye gati au ubao. Ukilowa, jifute haraka, ila usitegemee hilo pekee. Kapime wiki 6 hadi 8 baadaye. Ukimeza praziquantel, dawa ya kichocho, mapema mno, minyoo michanga haifi.

5. Mwaloni, yaani ufukwe wa wavuvi. Jitambulishe ofisi ya kijiji kama utalala. Usipige picha kambi ya dagaa bila kuuliza. Dagaa walioanikwa usiwaruke wala kuwakanyaga, ni mshahara wa mtu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, visiwani pia. Taka zako rudi nazo.

Maswali

*Mkuu, nikiwa Ukara naweza kuunganisha Migingo kwa mtumbwi wa wavuvi?*
Usijaribu. Ni mwamba wa takriban mita za mraba 2,000 unaogombaniwa na Kenya na Uganda, Tanzania haimo. Ukitoka bila kugongewa pasi, umevunja sheria kwetu, na kule hujui askari wa nchi ipi atakupokea.

*Saa ngapi ziwa limetulia, kaka? Nina watoto wawili.*
Radi na dhoruba hujengeka ziwani usiku hadi alfajiri, kwa sababu maji hubaki na joto wakati nchi kavu imepoa. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi hukua. Asubuhi mawingu yakishatawanyika ndiyo nafuu. Sikiliza utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), halafu angalia wavuvi: wakivuta mitumbwi mchangani, lala Nansio.

*Dada yangu wa Nansio ananipa samaki nirudi nao. Kuna shida?*
Pima urefu kabla ya kufunga. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya 25 hawaruhusiwi, na "ni zawadi" haikuokoi kwenye ukaguzi. Mzigo ukizidi kitoweo cha nyumbani, uliza kibali kwa afisa uvuvi hapo hapo Nansio kabla hujapanda meli.