Hiti pampu na radieta za zamani: jaribu kwanza kabla hujang'oa kitu

Wabongo wenzangu mlioko Uingereza, najua wengi mshaambiwa ukifunga hiti pampu, yaani ule mtambo wa umeme wa kupasha nyumba joto badala ya boila ya gesi, lazima radieta zote (vile vyuma vya ukutani vya maji ya moto) zing'olewe. Sio kwa kila nyumba bana, mimi kati ya saba nilibadilisha mbili tu.

Iko hivi, boila ya gesi kwa kawaida inazungusha maji ya nyuzi 70 hadi 80, radieta ukiigusa unarudisha mkono mbio. Hiti pampu ni kama friji iliyogeuzwa, lile joto la nyuma ya friji ndo unaliingiza ndani, na yenyewe inapenda maji ya 35 mpaka 50 hivi, ukiilazimisha ipande zaidi inakula umeme balaa. Sasa maji yakiwa vuguvugu radieta nayo inatoa joto kiduchu. Zile wati wanazoandika dukani zimepimwa maji yakiwa wastani wa 70 na chumba 20, kwa hiyo radieta ya wati 1000 ukiipa maji ya 45 inakupa kama 350 tu. Watu wengi wanaliwa hapo.

Jaribio lenyewe halina gharama. Subiri baridi ya kweli, ile ya asubuhi unakwangua barafu kwenye kioo cha gari, halafu kwenye boila yako hiyohiyo ya gesi shusha maji ya radieta mpaka 50. Ya radieta tu jamani, kama una tangi la maji ya kuoga hilo libaki 60 maana maji yakiwa vuguvugu bakteria wanazaliana. Fungua valvu zote, acha iwake usiku na mchana siku mbili tatu bila kuzimazima, kisha pita na kipimajoto chumba kwa chumba uandike. Chumba kikifika 20 radieta yake iache, kikigoma kwenye 16 ndo cha kushughulikia.

Kwangu viligoma vitatu, ila kimoja kumbe sofa lilikuwa limeikaba radieta, nikalisogeza basi. Toa na hewa kwa ule ufunguo mdogo, ziba nyufa za madirisha. Vilivyobaki nilitoa radieta za bati moja, taipu 11, nikaweka taipu 22 yenye bati mbili. Urefu uleule, ukutani inajaa nafasi ileile ila imenenepa, na joto linakaribia mara mbili. Mabomba yako yakiwa yale membamba ya milimita 8 au 10, fundi ayapigie hesabu kwanza.

Ukishafunga hiti pampu usiiendeshe kama gesi, unawasha lisaa limoja asubuhi na lisaa limoja jioni. Iache iende polepole mfululizo na uwashe ile setingi inayosoma baridi ya nje ikapanga joto la maji yenyewe. Mama alipokuja kututembelea alishika radieta akasema mwanangu hili dude limekufa, nikamwonesha kipimajoto, 20 kamili, akavaa sweta vilevile.

Ruzuku ya serikali kwa England na Wales ni pauni 7,500, anayeiomba ni fundi sio wewe, na lazima awe na usajili wa MCS, ule mpango wa kuthibitisha ubora wa mafundi wa mitambo hii. Mdai hesabu ya joto linalopotea kila chumba, kwa maandishi. Akikwambia yeye anakadiria kwa macho, mpe chai aende zake.