Kuchora Mjakaranda kwa Maji ya Kabeji

Mijakaranda ya Nairobi inapochanua mwezi wa Oktoba, rangi ya maua yake unaweza kuipata jikoni, katika kabeji ya zambarau, na sufuria hiyo hiyo ikakupa pia nyasi, anga na wekundu wa machweo. Kabeji hiyo ina anthosianini, kemikali ambayo rangi yake hufuata kile inachokutana nacho: asidi huifanya nyekundu, alkali hafifu huifanya buluu, na alkali kali huifanya kijani. Mwanasayansi Robert Boyle aliyaeleza mabadiliko ya namna hii mwaka 1664, akitumia sharubati ya maua.

Katakata nusu ya kabeji, uichemshe kwa vikombe viwili vya maji kwa dakika 20, uchuje, kisha urudishe maji hayo motoni hadi yabaki nusu kikombe. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu maji mepesi hutoa picha iliyofifia. Jihadhari na maji ya visima virefu vya Nairobi, ambayo mara nyingi yana bikaboneti na huweza kuigeuza rangi kuwa buluu kabla hujashika brashi. Ikitokea hivyo, dondoshea ndimu tone moja moja hadi zambarau irudi.

Paka karatasi nzito ya kuchorea kwa maji hayo ya kabeji, tabaka mbili, ukiiacha ikauke kabisa kila mara. Jaribu kwanza kwenye kipande, maana karatasi nyingi hutiwa kalsiamu kaboneti kiwandani, nayo huivuta zambarau kuelekea buluu.

Sasa andaa vikombe vitatu: cha maji ya ndimu, cha bikaboneti ya soda iliyoyeyushwa katika maji, na cha magadi, yale yale tunayolainishia maharagwe, ambayo Ziwa Magadi lililo kusini-magharibi ya jiji limejaa. Kila kikombe kiwe na brashi yake. Magadi huwasha macho na ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isikaribie kazi hii kamwe, kwani ikichanganyika na ndimu hutoa gesi yenye sumu.

Matawi yenye maua usiyaguse, kwa kuwa zambarau ya kabeji yenyewe ndiyo maua. Zungushia anga kwa bikaboneti, nyasi kwa magadi, na ukingo wa magharibi kwa ndimu. Tazama kwa karibu tone la ndimu linapotua: katikati hugeuka waridi papo hapo, kisha unyevu husukuma rangi nje hadi ukingo mweusi mwembamba ubaki, kama mstari uliochorwa kwa kalamu. Mimi huutumia ukingo huo kuwa mipaka ya mawingu, nami nauona kuwa mzuri kuliko mstari wowote wa mkono wangu. Ndimu ikikutana na magadi yakiwa bado mabichi, mapovu ya kaboni dioksaidi hutokea na rangi zote mbili huharibika, hivyo acha upande mmoja ukauke kwanza.

Mwanga wa jua hufifisha picha, na kijani cha magadi hugeuka manjano taratibu kwa sababu anthosianini huvunjika ndani ya alkali. Piga picha kazi yako siku hiyo hiyo, uitundike mbali na dirisha. Nyasi zangu huziacha zigeuke, kwani nyasi za Nairobi nazo hukauka hivyo ifikapo Januari.