Neno la kitaalamu: libaki, lifafanuliwe au litoke? Mwongozo wa mhariri

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya wataalamu yanayokwenda kwa watu wasio wataalamu: vipeperushi vya afya, barua za benki, vitabu vya kiada, ripoti za miradi. Miaka ya mwanzo nilidhani adui ni maneno magumu. Nikiona "usanisinuru" au "ukinzani wa dawa", kalamu nyekundu inaniwasha mkononi. Siku hizi maneno hayo hayaninyimi usingizi, kwa sababu msomaji akikutana nayo anajua kwamba hajui, na akiwa na wa kumuuliza atauliza. Ninaloliogopa ni neno analolijua tangu utotoni, ila fani imelipa maana nyingine. Hapo hasimami. Anaelewa, tena vizuri kabisa, jambo ambalo hukulisema.

Utaratibu wangu ni huu. Tafuta andiko lako lolote, ukurasa mmoja unatosha, ulifanyie kazi huku ukisoma.

Hatua ya 1: Mwandike msomaji juu ya ukurasa

Usiandike "umma" wala "wadau". Andika mtu mmoja na jambo atakalolifanya akimaliza kusoma: "Mama aliyepimwa leo, aamue kama anarudi au harudi." "Mwanafunzi anayeanza fizikia, afanye swali la kwanza." "Daktari wa zamu ya usiku, ampokee mgonjwa wangu."

Kama msomaji wako ni huyo wa tatu, huna haja ya kuendelea na mwongozo huu. Mwandikie kwa lugha yenu. Mwalimu wa Kiswahili akitamka "ngeli" mbele ya walimu wenzake ameokoa aya nzima ya maelezo. Kuna fani ambako istilahi huokoa zaidi ya aya. Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa kadhaa, ukungu ukiwa mmojawapo, lakini mojawapo ilikuwa maneno ya rubani kwenye redio, yaliyoweza kusikika kama "tunapaa" au kama "tupo mahali pa kupaa, tunasubiri". Mnara wa kuongozea ndege ulielewa la pili. Baada ya hapo neno la kupaa likawekewa mipaka: hutamkwa pale tu ruhusa ya kupaa inapotolewa au kufutwa, na kwingine kote husemwa "kuondoka". Kwa hiyo mtu akikwambia istilahi zote ni majivuno ya wasomi, usimkubalie haraka.

Hatua ya 2: Pigia mstari kila neno la fani, kisha yagawe

Soma kwa sauti. Kila neno ambalo usingelitumia ukizungumza na jirani, lipigie mstari. Halafu pitia mara ya pili, ukitafuta maneno ambayo ungeyatumia na jirani lakini kwa maana nyingine. Mzunguko huu wa pili ndio mgumu, na wengi huuruka.

Utabaki na mafungu matatu: maneno mageni, maneno yaliyogeuka maana, na mapambo, yaani maneno makubwa yasiyosema kitu.

Hatua ya 3: Anza na yaliyogeuka maana

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo madhara yalipo.

Chukua "hasi". Maabara ikisema matokeo ni hasi, maana yake kilichotafutwa hakikuonekana, na mara nyingi hiyo ni habari njema. Mtaani hasi ni upande mbaya: mtazamo hasi, athari hasi. Chanya nayo ni nzuri, mpaka siku unayoambiwa kipimo chako kimetoka chanya. Kipeperushi kimoja kilichopita mikononi mwangu kilisema, "Matokeo yakiwa hasi, utarudi baada ya miezi mitatu." Sikushtuka hata kidogo. Wauguzi waliokigawa ndio walioniletea taarifa kwamba watu wanashika vichwa kwa habari njema.

Chukua "ukwasi". Tangu zamani mkwasi ni tajiri. Watu wa fedha wamelichukua neno hilo wakalipa maana ya wepesi wa kupata fedha taslimu pale zinapohitajika, kiasi kwamba kampuni yenye majengo kumi lakini isiyo na fedha ya mishahara ya mwezi huu ina tatizo la ukwasi. Mwenye akiba akisoma "benki inakabiliwa na upungufu wa ukwasi" anaelewa kwamba benki imefilisika. Si lazima iwe hivyo, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama ataamka alfajiri kwenda kupanga foleni atoe fedha zake.

Mahakamani kuna "ana kesi ya kujibu". Hakimu akisema hivyo hajamtia mtu hatiani. Amesema tu kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee. Kijiweni itafika hivi: jamaa kapatikana na hatia. (Na "dhamana" je? Kwa hakimu inamtoa mtu rumande, kwa benki inachukua nyumba yako.)

Darasani ni "kazi". Shika ndoo ya maji nusu saa bila kuisogeza. Jasho litakutoka, mkono utatetemeka, na fizikia itasema hujafanya kazi yoyote juu ya ile ndoo, kwa kuwa haikusogea. Mwanafunzi anayekosa swali hilo si mzito wa kuelewa. Anatumia Kiswahili chake sahihi kabisa katika chumba ambacho Kiswahili kimebadilishwa bila tangazo. Mwalimu atangaze: "Kwa kipindi hiki, kazi ni kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata upande wa kani hiyo. Ile nyingine tutairudia mkitoka nje."

Dawa ya fungu hili haipo kwenye faharasa mwishoni. Nani atafute maana ya neno analodhani analijua? Andika kilichotokea mahali pa neno: "Hatukuona katika damu yako vijidudu tulivyokuwa tunavitafuta." Kama neno lenyewe halikwepeki, kwa sababu atalikuta kwenye cheti, tanguliza maana, neno lifuate: "Cheti chako kitaandikwa 'hasi', yaani havikuonekana."

Hatua ya 4: Maneno mageni yaanze na kitu, jina lije baadaye

Hapa pana kazi ndogo. Mweleze mwanafunzi kwanza kwamba jani linatumia mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula. Akishaiona picha, mwambie: hili ndilo usanisinuru. Neno lina "nuru" ndani yake, na sasa ataiona. Ukianza na jina, anakariri sauti.

Yabakize mageni atakayokutana nayo tena. Litakalotokea mara moja tu, litoe.

Hatua ya 5: Mapambo yatoke yote

Jaribu sentensi hii, ya aina inayonifikia karibu kila wiki:

"Wadau walijengewa uwezo kuhusu afua shirikishi katika masuala mtambuka kwa lengo la kuleta matokeo endelevu."

Usihangaike kuibadilisha neno kwa neno. Mpigie simu mwandishi, muulize: nani, wangapi, walifanya nini, siku ngapi? Mmoja nilimuuliza hivyo akajibu bila kufikiri, "Tuliwafundisha wakunga 24 kwa siku mbili namna ya kupima shinikizo la damu." Nikamwambia aandike hivyohivyo. Akasita, akasema itaonekana ndogo.

Ndipo nilipoelewa mapambo yanavyolindwa. Sentensi ya wakunga unaweza kuikagua: walikuwa 24 kweli? Wanapima? Sentensi ya wadau haina pa kuishika, huwezi hata kuipinga. Na mara nyingine mwandishi mwenyewe hana jibu la maswali yako. Basi, hiyo usiihariri, ifute.

Kama ofisi inayopokea ripoti inadai lazima neno fulani lionekane, liweke mara moja kwenye kichwa cha sehemu na uendelee na mambo yako.

Hatua ya 6: Mpe mtu asome, wewe unyamaze

Usijipime mwenyewe. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwataka watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana ili wenzao wazitambue. Wagongaji walikadiria kwamba nusu zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani. Msikilizaji anasikia ko-ko-ko. Ukisoma andiko lako mwenyewe, wewe ndiye mgongaji.

Tafuta mtu anayefanana na yule uliyemwandika juu ya ukurasa. Asome bila maelezo yako. Kisha usimuulize "umeelewa?" Kwa adabu au kwa aibu atasema ndiyo. Kiwango cha kimataifa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1 cha mwaka 2023, kinataka msomaji apate anachokihitaji, akione kwa urahisi, akielewe na aweze kukitumia. Kwa hiyo uliza swali linaloonyesha matumizi: "Sasa utafanya nini?"

Kile kipeperushi tulikiandika upya. Nikampa mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, akasoma polepole, akakikunja. Nikamuuliza, "Mama, ukifika nyumbani utawaambiaje?"

"Nitawaambia havikuonekana, ila baada ya miezi mitatu narudi wahakikishe."

Tukakipeleka kiwandani kichapwe.