Namna ya Kumtumia Mshauri wa Kitaaluma Kabla Mambo Hayajaharibika

Mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa vyuo vikuu vyetu vya Tanzania hupangiwa mhadhiri mmoja mmoja wa kuwaongoza, na orodha ya majina hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Wengi huipiga picha kwa simu, kisha hawairudii tena mpaka matokeo yatoke yakiwa na sapu, yaani mitihani ya marudio, mbili au tatu. Mimi ni mmoja wa wahadhiri wanaopangiwa wanafunzi hao, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu karibu kila mwanafunzi niliyeshindwa kumsaidia alikuwa na jambo ambalo lingetatulika bila taabu kama angebisha hodi miezi mitatu au minne kabla.

Ujue unamwendea nani

Mshauri wa kitaaluma ni mhadhiri aliyepewa jukumu la kufuatilia mwenendo wa masomo yako tangu unapojisajili mpaka unapohitimu. Huyu siye Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ofisi yake hushughulikia malazi, nidhamu, serikali ya wanafunzi na ustawi wenu kwa jumla. Wala siye msimamizi wa utafiti, ambaye utampata mwaka wa mwisho kwa ajili ya andiko lako. Majina ya hao wawili wa kwanza yanafanana mno, na nimewaona wanafunzi wakipoteza asubuhi nzima kwenye foleni ya ofisi ambayo haihusiki na shida yao.

Mshauri wa kitaaluma hana mamlaka ya kubadili alama, kufuta sapu wala kukuruhusu kufanya mtihani ambao kanuni zimekukataza. Anachoweza ni kusoma kanuni pamoja nawe, kukuonyesha njia iliyo wazi na ile iliyokwisha kufungwa, kukuandikia barua pale barua inapotakiwa, na kukupeleka kwa mwenye uamuzi, awe mratibu wa mitihani, mkuu wa idara au afisa mikopo. Mwanafunzi anayelielewa hilo huuliza maswali yanayojibika.

Nenda na namba zako

Usiende mikono mitupu. Chukua matokeo yako yote yaliyochapishwa kutoka kwenye mfumo wa chuo, orodha ya kozi zote za programu yako tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, na kanuni za mitihani. Hizo kanuni ni kijitabu ambacho wanafunzi wengi hupewa na wachache hukifungua, ingawa karibu kila jambo linalowaliza limeandikwa humo.

Kabla ya kwenda, jihesabie mwenyewe wastani wako wa alama, ule mnaouita GPA, ili usiishie kuisoma tu namba iliyotolewa na mfumo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu huwa na krediti zisizopungua 360, sawa na 120 kwa mwaka. Alama ya A huhesabiwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2. Unazidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti zote. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu 3.5, daraja la pili la chini 2.7, na pasi 2.0.

Tuchukue mwanafunzi mwenye kozi sita katika semesta moja. Ana B+ na C katika kozi mbili za krediti 12 kila moja, B na C katika kozi mbili za krediti 10, na A na B katika kozi mbili za krediti 8. Jumla ya pointi zake ni 186 kwa krediti 60, kwa hiyo wastani ni 3.1. Mwanafunzi huyu hufurahia A yake ya krediti 8 na kuniambia kwamba semesta ijayo atakazana apate A nyingine katika kozi kama hiyo. Ninampa kalamu tupige hesabu. Ile B ya krediti 8 ingekuwa A, wastani ungepanda hadi 3.37 tu. Lakini ile C ya krediti 12 ingekuwa B+, jumla ingefika 210, na wastani ungekuwa 3.5 kamili, ambao ni daraja la pili la juu. Juhudi yake ilikuwa nyingi, ila aliipeleka kwenye kozi iliyokuwa tayari inamwendea vizuri na yenye uzito mdogo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha kwa nini uje mapema. Mwenye 3.1 mwishoni mwa mwaka wa kwanza anayetaka kumaliza na 3.5 anahitaji wastani wa 3.7 katika miaka miwili iliyobaki, na hilo ni jambo la kupanga na kutekeleza. Akikaa na 3.1 hiyo hadi mwisho wa mwaka wa pili, atahitaji 4.3 katika mwaka wa mwisho, mwaka ambao pia ana utafiti wa kuandika. Nawapenda wanafunzi wangu, na ndiyo maana siwezi kumwambia huyo wa pili kwamba itakuwa rahisi. Uliza pia kama chuo chako hukata desimali au hukadiria kwenda juu, kwa sababu 3.48 ni 3.4 kwa kanuni moja na 3.5 kwa nyingine.

Jambo jingine la kuandaa ni ratiba yako halisi ya wiki, ile unayoiishi na si ile iliyobandikwa. Krediti 60 ni saa 600 za kazi. Semesta ikiwa na wiki 15 za kufundishwa, hizo ni saa 40 kwa wiki, ukihesabu mihadhara, semina, kazi za kuandika na kujisomea. Andika umezitumia wapi saa za wiki iliyopita, hata kama karatasi itakutia aibu, kwa kuwa mshauri akiiona ataacha kukuambia "ongeza bidii" na ataanza kukuuliza maswali yenye faida.

Kuomba miadi na kuzungumza

Andika ujumbe unaompa mshauri nafasi ya kujiandaa. Ujumbe wa "Dokta, upo ofisini?" hauelezi wewe ni nani wala unataka nini, na wahadhiri hupokea mwingi wa namna hiyo. Unaweza kuandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Shahada ya Awali ya Uchumi, na wewe ndiye mshauri wangu wa kitaaluma. Naomba dakika 20 wiki hii tuzungumzie uchaguzi wa kozi mbili za hiari na alama zangu za kazi za semesta katika somo la takwimu. Nina nafasi Jumanne mchana na Alhamisi asubuhi. Matokeo yangu nimeyaambatanisha." Malizia kwa jina lako kamili na namba ya usajili. Zikipita siku tatu bila jibu, kumbusha kwa adabu. Kumkumbusha mtu mwenye shughuli nyingi si utovu wa heshima.

Ukishaingia ofisini, sema ukweli wote unaohusu masomo yako, hata ule unaouona ni wa nyumbani. Mwaka mmoja alikuja kijana wa mwaka wa pili ambaye alama zake za semesta zilikuwa zimeshuka ghafla katika kozi zote za asubuhi. Nilipomuuliza, alijibu, "Nimezembea tu, Mwalimu." Alipokuwa akinikabidhi karatasi yake niliona alama za kuungua kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. "Mwanangu, umeungua na nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tangu baba yake alipolazwa, bumu lake lote, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, alikuwa akilituma nyumbani, na yeye alikuwa akikaanga chipsi kwenye kibanda nje ya chuo hadi saa nane usiku ili apate pesa ya kula. Kama ningelichukua lile jibu lake la kwanza, ningemhubiria juu ya bidii na angeondoka vilevile alivyokuja. Baada ya kuujua ukweli, tulimhamishia kwenye makundi ya semina ya mchana, akaiacha kozi moja ya hiari iliyozidi kiwango alichotakiwa kusoma semesta ile, na nilimwandikia barua ya kupeleka kwa Mshauri wa Wanafunzi kuhusu hali ya familia. Hayo yote yaliwezekana kwa kuwa ilikuwa wiki ya tatu na dirisha la kubadili kozi lilikuwa bado halijafungwa.

Mambo yenye tarehe

Yako mambo ambayo ushauri wake hauna maana tarehe ikishapita. Kuongeza au kuacha kozi hufanyika katika wiki za mwanzo wa semesta pekee. Kuhama programu, au kuhama chuo, kuna kipindi chake na vigezo vyake vya alama za kujiunga. Kukata rufaa ya matokeo kuna muda wake tangu siku yalipotangazwa. Zitafute tarehe hizo kwenye almanaki ya chuo na uziandike mahali utakapoziona kila siku.

Mtihani maalumu, ule anaoufanya baadaye aliyeukosa wa kawaida kwa sababu ya msingi, nauzungumzia peke yake, kwa kuwa hapa ndipo wanafunzi waadilifu wanapoumia sana. Ukiugua au ukifiwa, ukashindwa kuingia kwenye mtihani, kukosa kwako kunaweza kuchukuliwa kuwa ni utoro mpaka uthibitishe vinginevyo. Toa taarifa kwa maandishi kabla ya mtihani, au mara tu unapoweza, na utunze cheti cha daktari, tiketi ya basi na barua ya serikali ya mtaa. Kumpigia kiongozi wa darasa aende kukusemea si taarifa. Na kama unaumwa, usijikokote mpaka chumba cha mtihani ukidhani kwamba utakuja kujieleza baadaye, kwa maana ukishaufanya mtihani, kwa kawaida unahesabiwa umeufanya, na alama utakayopata ni yako.

Kuahirisha masomo nako kunaogopwa kupita kiasi. Mwanafunzi mgonjwa au mwenye msiba mzito huona ni fedheha kurudi nyumbani, akang'ang'ania, akafeli kozi nyingi na hatimaye akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Aliyeahirisha kwa kibali hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo na hurudi kuendelea alipoishia, ilhali aliyedisko hana pa kurudia isipokuwa kuomba upya. Kabla ya kusaini fomu, pitia kwa afisa mikopo wa chuo kama unasomeshwa na Bodi ya Mikopo, umweleze nia yako na upate kwa maandishi utaratibu wa kurejeshewa mkopo utakaporudi. Anayeondoka bila kuaga hufuatwa na matatizo ya chuo na ya mkopo pia.

Kuchagua kozi za hiari

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni, "Kozi ipi ina A za bure?" Silijibu. Huwa namuuliza mwanafunzi anataka kufanya kazi gani au kuandika utafiti juu ya nini mwaka wa mwisho, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua: utafiti huo unahitaji takwimu zipi, takwimu hizo zinahitaji kozi ipi itangulie, na kozi hiyo inafundishwa semesta gani. Kozi nyingine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na ukiikosa unasubiri miezi 12. Hakikisha vilevile kwamba kozi zote za lazima za miaka iliyopita zimo kwenye rekodi yako. Niliwahi kumpokea mwanafunzi wa semesta ya mwisho ambaye kozi moja ya lazima ya mwaka wa kwanza haikuwa imesajiliwa kabisa katika mfumo, ingawa alihudhuria mihadhara yake yote. Wenzake walivaa majoho yeye akiwa amerudi darasani na wa mwaka wa kwanza. Ukaguzi wa dakika kumi kila mwisho wa mwaka ungemwepusha na hilo.

Baada ya mazungumzo

Siku hiyohiyo mwandikie mshauri mistari michache: mmekubaliana nini, wewe utafanya nini na lini, yeye atafanya nini. Wahadhiri husafiri, huenda masomoni, hubadilishiwa majukumu, na mshauri mpya akija, ujumbe huo ndio utakaomweleza ulipoishia. Kama mshauri uliyepangiwa hapatikani kabisa baada ya kumtafuta mara tatu, mwandikie mkuu wa idara, utaje tarehe ulizomtafuta na uombe kupangiwa mwingine. Hutakuwa umemshtaki mtu. Na kabla hujatoka ofisini mwake, omba tarehe ya kukutana tena, iwe wiki ile alama za kazi za semesta zinapobandikwa na mtihani wa mwisho bado haujafika.