Huna Bima Marekani? Soma Kibao Kabla Hujasukuma Mlango

Ilikuwa Jumapili saa tatu usiku hapa Houston, Texas, homa imepanda na koo limevimba hata kumeza mate ni maumivu. Bima sikuwa nayo. Nilikuwa nimebadilisha kazi, na ile mpya ilikuwa bado haijaanza kunikatia. Nikakumbuka kituo kilicho kati ya duka la pizza na saluni ya kucha. Nikaingia. Foleni hakuna. Dada wa mapokezi akaniletea maji, akanivisha mkanda wa plastiki wenye jina langu mkononi, akanipa tableti nisaini kwa kidole. Daktari akaniangalia koo, wakanipitishia kijiti cha pamba, nikatoka na cheti cha amoxicillin. Dakika 40.

Wiki tano baadaye zikaja bahasha mbili. Moja ya kituo, nyingine ya daktari, kumbe yeye anadai kivyake. Jumla ilizidi dola 2,000. Kwa koo.

Nilikoingia hakukuwa kliniki. Ilikuwa idara ya dharura iliyojitenga na hospitali, na Texas imejaa vituo vya aina hiyo, vyenye leseni halali kabisa. Kwa nje huwezi kuvitofautisha na kliniki: jengo dogo, maegesho mbele, taa kali. Tofauti iko kwenye kibao. Kikisema "Urgent Care", hiyo ni kliniki ya kuingia bila miadi. Kikisema "Emergency" au "ER", utatozwa kama mtu aliyeingia dharura ya hospitali, pamoja na ada ya kituo, ambayo unadaiwa mbali na kazi ya daktari. Soma kibao. Vingine vina huduma zote mbili chini ya paa moja, kwa hiyo hata ukishasoma, uliza unaandikishwa upande gani.

Sheria ya Texas inavitaka vibandike tangazo kwamba ni vituo vya dharura na kwamba bei zao zinalingana na za dharura ya hospitali. Tangazo lilikuwepo. Nililiona niliporudi kulalamikia bili, ukutani, hatua mbili kutoka pale niliposimama kusaini.

Sisi tumezoea dirisha. Nyumbani unalipia kadi, unamwona daktari, unalipia vipimo, unarudi, unalipia dawa. Pesa ikipelea unajua palepale, unapiga simu kwa ndugu. Hapa unahudumiwa kwanza, na bei inakufuata nyumbani. Basi uliza kabla hujatoa kitambulisho, kabla hujasaini, kabla hujavishwa mkanda: "Hapa ni kliniki au dharura? Nalipa mwenyewe, jumla ni kiasi gani, na maabara imo humo?" Swali la maabara usilisahau. Damu ikipelekwa maabara ya nje, nayo inaweza kukuletea bili yake.

Wenyeji wataona ajabu ukiuliza. Nimeishi nao vya kutosha: ni watu wakarimu, na yule dada aliyeniletea maji hakuwa na hila yoyote. Lakini ni jamii inayobandika bei kwenye kila kopo la maharage, halafu bei ya kutibiwa mtu inaachwa gizani, na wao wenyewe wamekwisha kuzoea. Sioni kwa nini nasi tuzoee.

Kinachovitisha vituo hivi ni maandishi. Tangu Januari 2022, asiye na bima ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi akiyaomba, au akiweka miadi angalau siku 3 za kazi kabla. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kuipinga. Aliyeingia moja kwa moja bila kuomba, kama mimi, hana karatasi ya kushika.

Nanyi ndugu zetu mlioko nyumbani, tusikilizane. Mjomba aliniambia kwenye simu, "Si huko hospitali lazima wakutibu?" Ni kweli, mjomba. Sheria ya 1986 inazitaka idara za dharura zikupime na kuituliza hali yako hata kama huna senti. Haisemi bure. Kifua kikibana, mdomo ukipinda ghafla, damu ikikataa kukatika, nenda dharura wala usihesabu pesa. Koo linalouma tu, unapumua na kumeza, si dharura.

Kwa maradhi ya kawaida, tafuta kituo cha afya cha jamii kinachofadhiliwa na serikali kuu. Vyote viko findahealthcenter.hrsa.gov. Wanatoza kulingana na kipato na ukubwa wa familia, na hawakufukuzi kwa kukosa pesa. Beba karatasi ya mshahara na kitambulisho. Piga simu kwanza, vingi vinataka miadi.

Bili ikishafika, usiifiche droo. Omba mchanganuo, kisha omba punguzo la anayelipa mwenyewe. Mimi walinipunguzia, nikalipa kwa miezi. Ikiwa ya hospitali isiyo ya kibiashara, omba fomu ya msaada wa kifedha. Una siku 240 tangu bili ya kwanza. Kituo changu kilikuwa cha biashara, mlango huo kwangu ulikuwa umefungwa.

Na mama akija kukutembelea, bima ya safari ikatwe kabla ya tiketi, na dawa zake za presha aje nazo za kumtosha hadi siku ya kurudi, ndani ya begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari wake.