Namna ya Kufuatilia Herufi Moja ya DNA Hadi Kwenye Glasi ya Maziwa

Anayetaka kuelewa jinsi tofauti ndogo ya vinasaba inavyobadili sifa ya mtu asianze na jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Aanze na sifa yenyewe, tena aipime kwa makini. Tuchukue uwezo wa mtu mzima wa kusaga maziwa, ambao mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake waliuchunguza Tanzania, Kenya na Sudani, wakachapisha matokeo yao mwaka 2007.

Mpimwaji hulala bila kula. Asubuhi, mbele ya mhudumu wa afya, hutobolewa kidole ili glukosi ya damu ipimwe, kisha hunywa gramu 50 za laktosi, yaani sukari ya maziwa, iliyoyeyushwa katika maji, na kutobolewa tena kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa moja. Glukosi ikipanda kwa zaidi ya milimoli 1.7 kwa lita, utumbo wake bado unatengeneza laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari hiyo; lakini isipofikisha 1.1, jeni ya laktasi imepunguza kazi, kama inavyowatokea watu wengi duniani baada ya utoto. Usiridhike na kumuuliza tu kama maziwa humsumbua, kwa kuwa mnywaji wa mtindi, ambao bakteria wamekwishapunguza laktosi yake, atakujibu kwamba hayamsumbui.

Sasa soma DNA, maandishi ya urithi yenye herufi nne, A, C, G na T, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu huitafuta tofauti ndani ya jeni ya laktasi, ilhali swichi yake iko nje. Rudi nyuma herufi 14,010 kabla jeni haijaanza, hadi ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, katika kromosomu ya 2. Hapo wengine wana G, na wengine, hasa katika jamii za wafugaji wa Kenya na Tanzania, wana C. Wazungu wanaosaga maziwa wana badiliko lao, T, katika nafasi ya 13,910.

Kuandamana kwa herufi na sifa hakutoshi, maana watu wa ukoo mmoja hurithi herufi nyingi kwa pamoja. Kipande cha DNA chenye C na chenye G viwekwe katika seli za maabara, na kazi ya jeni ilinganishwe. Watafiti hao walipofanya hivyo, C iliongeza kazi.

Ukimkuta mwenye C ambaye glukosi yake haipandi, muulize kama ameharisha karibuni, kwani kuhara huweza kujeruhi ukuta wa utumbo. Mpime upya akishapona.